Vakyumu ya kazi ya kapeti Dodoma: kagua inakotokea hewa kabla ya kuuliza wati

Malalamiko ninayoletewa na vijana wanaoanza kazi ya kusafisha kapeti hapa Dodoma yanafanana. Kijana kanunua mashine, kaambiwa ina wati 3000, kaenda kufanya kazi Ilazo au Kisasa, kapeti limetakata. Kesho yake mama mwenye nyumba anapiga simu: televisheni, meza na mapazia vimejaa vumbi jekundu, na kapeti lenyewe limekauka likatoa mabaka ya kahawia. Kijana anarudia kazi bure. Mimi simlaumu. Aliuziwa mashine inayofyonza vumbi mbele na kulitema nyuma.

Sitazungumzia magurudumu, kelele wala urefu wa waya. Hayo utayaona mwenyewe dukani. Nazungumzia matundu ya kutolea hewa, ambayo wanunuzi karibu wote hawayatazami. Vumbi letu, hasa kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, ni laini kama unga wa muhogo. Mfuko wa kitambaa uliomo kwenye mashine nyingi unazuia mchanga na nywele tu. Vumbi lenyewe linapenya, linapita kwenye mota na kutanda chumba kizima. Na likipita kwenye mota linakula kaboni, yaani vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka, halafu unaanza safari za kwa fundi wa kusuka mota.

Dawa yake ni filta ya HEPA, yaani filta ya kunasa vumbi laini sana. Ya daraja la H13 inazuia angalau asilimia 99.95 ya chembe zile ambazo ni ngumu kuliko zote kunaswa. Lakini filta hiyo ikikaa chini ya kifuniko kilicholegea ni hasara tupu, kwa sababu hewa itapita penye upenyo. Kwa hiyo fungua kichwa cha mashine, shika mpira unaozunguka ukingo. Uwe laini, usiwe na ufa, ukae sawasawa kwenye mfereji wake, na klipu zibane kwelikweli. Kisha omba mashine iwashwe. Fyonza vumbi la pale nje ya duka huku mwenzako ameshika kitambaa cheupe chenye unyevunyevu kwenye matundu ya hewa. Kitambaa kikibadilika rangi, ondoka. Muuzaji akikataa kujaribisha, ondoka pia.

Kwa nini nang'ang'ania vumbi wakati mteja analipia kuoshewa? Kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu wa kapeti ni mkavu. Ukimwaga maji kabla ya kuutoa, unakoroga tope ndani ya nyuzi, na kapeti linapokauka tope hilo hupanda juu pamoja na maji. Ndiyo yale mabaka.

Namba moja kwangu ni Kärcher, na sioni haya kusema napendelea. Kwa vumbi chukua NT 30/1 Tact. Inafyonza pakavu na penye maji, ina tenki la lita 30, na filta yake bapa inajikung'uta yenyewe kwa mapigo ya hewa huku kazi ikiendelea. Kwa Dodoma hilo ni jambo kubwa, maana filta ikiziba katikati ya ukumbi mvuto unakufa. Kwa kuosha iongezee Puzzi 10/1: maji safi lita 10, maji machafu lita 9, inanyunyiza lita moja kwa dakika na kufyonza papo hapo. Kapeti linabaki na unyevu mdogo, hata msimu wa mvua halinuki.

Namba mbili ni Numatic George ya Waingereza. Inafanya kazi kavu na ya maji kwa mwili mmoja, na ni rahisi kuifungua na kuisafisha. Inakufaa kama unashughulikia nyumba na masofa. Kwa zulia la msikiti mzima utachoka kumwaga maji.

Namba tatu, mapipa ya chuma yenye mota 2 au 3. Kwa kuvuta maji ni hodari. Kwa vumbi, usiyatumie mpaka yapite mtihani wa kitambaa, na mengi hayapiti.

Zile ndogo za plastiki za bei ya chini ni za kusafishia gari.

Sasa wauzaji. Wananiudhi na hizi wati. Umoja wa Ulaya ulizuia vakyumu za nyumbani kuzidi wati 1600 mwaka 2014, ukashusha hadi 900 mwaka 2017, na kapeti za huko zinasafishwa vizuri. Wati ni umeme unaoulipia wewe. Mvuto unaandikwa kwa milibari au kilopaskali. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha namba hiyo kwenye kibandiko hajui anachouza. Halafu kuna wanaoficha bei, "njoo inbox", ukifika bei inategemea umevaaje. Ukiuliza filta ya akiba wanakwambia uagize Dar, nayo ukiipata haiingii. Usilipe kabla hujaiona filta ya pili mkononi, na dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kwa sababu bila hiyo warantii ni maneno matupu. Kwenye mitumba ya Uingereza soma volti: zenye plagi ya njano ni za 110, ukizichomeka kwenye 230 yetu zinaungua.

Kama pesa inatosha mashine moja tu, anza na NT 30/1 Tact. Toa vumbi, sugua kwa brashi na shampuu kwa mkono, kisha fyonza maji kwa mashine hiyohiyo. Ila filta ikilowa, iache ikauke kabisa kabla ya kurudi kwenye vumbi, la sivyo litagandia humo. Puzzi utaiongeza kazi zikishaingia.