Kibali cha Maryland cha kubeba bastola kwa mtu anayeishi Virginia: uzoefu wangu

Ninaishi Woodbridge, Virginia, na kazi yangu ni ufundi wa majokofu ya migahawa, ambayo mingi iko ng'ambo ya mto Potomac, upande wa Maryland. Jokofu halichagui saa ya kuharibika. Mara nyingi huitwa saa nane za usiku, nikaegesha gari nyuma ya mgahawa penye mapipa ya takataka na taa moja inayopepesa. Usiku mmoja wa mwaka 2023 nilitoka kuchukua geji nikakuta vijana wawili wameshafungua mlango wa nyuma wa gari na kuondoka na pampu yangu ya kufyonza hewa pamoja na mtungi wa gesi. Hawakunigusa, lakini niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba bastola niliyokuwa nayo kihalali tangu 2019 haiwezi kuendelea kukaa kabatini. Aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, na huko kazini italala wapi?" Sikuwa na jibu, na baadaye niligundua kwamba hilo ndilo lililokuwa swali lenyewe.

Kibali changu cha Virginia, nilichopewa na mahakama ya kaunti kwa ada isiyozidi dola 50, hakina thamani yoyote nikishavuka mto, kwa kuwa Maryland haitambui kibali cha jimbo jingine lolote. Hata hivyo, asiye mkazi anaruhusiwa kuomba kibali cha Maryland kwa utaratibu uleule anaoufuata mkazi. Zamani hilo lilikuwa gumu hata kwa wenyeji, kwani mwombaji alitakiwa kuthibitisha kwamba ana sababu nzito ya kubeba silaha. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya Bruen, iliyobatilisha sharti la namna hiyo katika jimbo la New York, na siku chache baadaye gavana wa wakati huo, Larry Hogan, aliwaagiza polisi wa jimbo waache kulidai. Mwaka uliofuata bunge la Maryland lilikaza upande mwingine: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023 ada ya maombi ya kwanza ilipanda kutoka dola 75 hadi 125, na orodha ya sehemu ambazo silaha haziruhusiwi ikarefuka.

Kabla sijaendelea, niseme jambo linalowahusu Waswahili wenzangu kuliko jirani zetu wazaliwa. Sheria ya shirikisho haimruhusu mtu mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au ya matembezi, kumiliki silaha, isipokuwa katika hali chache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukazi wa kudumu, anaruhusiwa. Lakini mwenye grinikadi akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki au bastola, kosa hilo peke yake linatosha kumfukuzisha nchini, hata kama hakumwonyesha mtu silaha hiyo. Ninamfahamu mtu aliyekuwa akivuka daraja kila siku na bastola chini ya kiti, akiamini kwamba karatasi yake ya Virginia inamlinda. Nilipomweleza, alinyamaza kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa tayari nimeapishwa kuwa raia nilipoanza safari hii, na nakiri kwamba nisingeianza kabla ya hapo.

Mafunzo ndiyo sehemu ninayoisifu bila kusita. Mwaka 2019 nilipata cheti cha Virginia kwa kozi ya intaneti niliyoimaliza jioni moja mezani jikoni, jambo ambalo Virginia yenyewe imeshalipiga marufuku. Maryland inataka saa 16 za ana kwa ana, kwa mkufunzi aliyeidhinishwa na polisi wa jimbo hilo, mtihani wa kuandika, na kisha shabaha ya risasi 25 ambayo lazima upate angalau asilimia 70. Nililipa ada ya mafunzo ambayo ni zaidi ya mara mbili ya ada ya kibali, nikapoteza Jumamosi na Jumapili nzima, na nilianza nikiwa na kinyongo.

Kinyongo kiliisha Jumamosi mchana. Mkufunzi, mzee aliyestaafu upolisi, aliuliza kila mmoja wetu kilichomleta. Nilipoeleza habari ya pampu, aliniuliza bei yake, akaiandika ubaoni kwa tarakimu kubwa, kisha akauliza darasa zima kama kiasi kile kinatosha kumpiga mtu risasi. Hakuna aliyejibu. Alieleza kwamba sheria ya Maryland hairuhusu kuua ili kulinda mali tu, na kwamba nje ya nyumba yako una wajibu wa kurudi nyuma kama kuna njia salama ya kufanya hivyo. Virginia, mtu ambaye hakuuanzisha ugomvi hana wajibu huo. Mtu ni mmoja, bastola ni ileile, lakini dakika kumi za barabara zinabadilisha kabisa kile anachoweza kukifanya nayo. Basi lile tukio lililonipeleka darasani ndilo hasa ambalo kibali kisingenisaidia kwa chochote, na laiti ningekuwa na bastola mkononi usiku ule, sijui kama ningekuwa na busara ya kuiacha pampu iende. Saa zilizobaki zilihusu kutuliza ugomvi, kudhibiti hasira, kuzuia watu kujiua na namna ya kuhifadhi silaha penye watoto. Kiwanjani nilipata 23 kati ya 25, na zote mbili nilizokosa zilikuwa za yadi 15.

Alama za vidole ndizo zilizonitesa. Mikono yangu imeshinda miaka mingi kwenye kemikali za kusafishia mabomba, na mistari ya vidole gumba imefifia. Dada aliyekuwa kwenye mashine alinipaka losheni, akanisubirisha, akakibonyeza kidole kimoja mara sita huku kioo kikiendelea kuwaka rangi nyekundu. Hilo halikuwa kosa lake. Kosa ni kwamba duka lile binafsi, ambalo sitalitaja, liliandika namba ya idhini isiyohusika, kwa hiyo majibu yakaenda kana kwamba naomba kazi. Niligundua baada ya wiki tatu, nikarudi, na wakakataa kunirudishia fedha. Nikalipa mara ya pili kwingine. Ukienda, beba namba ya idhini ya kibali cha bastola iliyoandikwa kwenye maelekezo ya polisi, na usiondoke dirishani kabla hujaiona kwenye risiti.

Maombi yenyewe hufanywa mtandaoni na hayana shida: picha, cheti, namba ya alama za vidole, malipo. Afisa alinipigia simu kuuliza mambo machache, naye aliongea kwa heshima. Sheria inawapa polisi siku 90; jibu langu lilitoka baada ya 41. Muhula wa kwanza ni wa miaka miwili, ukihesabiwa hadi siku ya mwisho ya mwezi uliozaliwa, na kuhuisha kunakupa miaka mitatu baada ya mafunzo mengine ya saa 8. Asiye mkazi aelewe pia kwamba kibali hiki hakimpi ruhusa ya kununua bastola dukani Maryland; kwa hilo sheria ya shirikisho bado inamrudisha jimboni kwake.

Je, kinanifaa? Kidogo kuliko nilivyotarajia. Wateja wangu wengi wanauza pombe, na kifungu cha sehemu za namna hiyo kilipingwa mahakamani hata kabla sheria haijaanza kutumika, kwa hiyo sitaki kubahatisha: ninapoingia jikoni kwao, bastola hubaki kwenye kasiki dogo nililolifunga kwa bolti kwenye sakafu ya gari. Hilo ndilo jibu nililompelekea mke wangu, mwaka mmoja baada ya kuniuliza.

Limebaki daraja. Mimi huvukia Woodrow Wilson, na watu wengi hawajui kwamba kipande kifupi cha katikati yake kiko juu ya maji ya Washington, D.C., ambako vibali vyangu vyote viwili havitambuliki. Darasa lilicheka mkufunzi aliposema hivyo, yeye hakucheka. Kwa hiyo natoka Woodbridge bastola ikiwa haina risasi, imefungwa kwa kufuli sehemu nisiyoweza kuifikia nikiwa nimekaa kwenye usukani, na haitolewi humo hadi nifike kwa mteja wa kwanza, nayo siku nyingi haitolewi kabisa.