Bromelia na tilandsia za sebuleni: ipi ununue, na kwa nini ua lisikushawishi

Malalamiko ya wasomaji kuhusu bromelia yamekuwa yakifanana kiasi kwamba naweza kuyakamilisha kabla sijafika mwisho wa ujumbe: mmea ulinunuliwa ukiwa na ua jekundu linalong'aa, ukawekwa sebuleni penye mwanga mzuri, ukamwagiliwa kama muuzaji alivyoelekeza, na baada ya miezi michache ua likafifia, majani ya nje yakaanza kukauka kuanzia nchani, na hatimaye mmea wote ukalala. Wanaoniandikia hujilaumu. Mmoja anadhani aliuzidishia maji, mwingine anadhani kiyoyozi ndicho kilichouua. Wengi wao hawakukosea chochote, kwa sababu mmea waliouziwa ulikuwa umeshaanza safari yake ya mwisho siku ile ile walipoulipia.

Bromelia, tilandsia zikiwamo, ni jamii ya nanasi, na karibu zote asili yake ni Amerika. Spishi moja tu, Pitcairnia feliciana ya Guinea, ndiyo inayojulikana kuota yenyewe barani Afrika. Undugu huo na nanasi unaeleza kila kitu ambacho muuzaji hakuambii. Shina moja la bromelia huchanua mara moja tu katika uhai wake. Ncha ambayo ilikuwa ikitoa majani hugeuka kuwa ua, kwa hiyo hakuna jani jipya litakalotoka hapo tena, na mmea huanza kufa polepole kwa muda unaoweza kufika mwaka mmoja au miwili, huku nguvu zake zikienda kwenye machipukizi yanayoota kitakoni. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa anajua hivyo bila kufundishwa, na yeyote aliyekua nyumbani penye migomba anajua vilevile kwamba mgomba uliozaa haungojewi uzae tena, bali hutazamwa watoto wake. Ajabu ni kwamba maarifa hayo hutupotea mara tu mmea unapowekwa kwenye chungu cheupe na kufungwa utepe.

Kwa sababu hiyo sitaipanga mimea hii kwa mwanga, wala kwa rangi, wala kwa ukubwa wa chungu. Hayo yameandikwa kila mahali. Katika kupanga mimea hii nimetumia kipimo kimoja, nacho ni kitako. Inamisha chungu, panua majani ya chini kwa vidole, na utazame pale yanapokutana na udongo. Mmea wenye ua na machipukizi mawili yenye afya unafaa kununuliwa, kwa sababu unanunua kizazi kinachofuata na ua ni nyongeza. Mmea usio na ua bado, wenye majani magumu na kitako kikavu, ni bora zaidi, na mara nyingi bei yake huwa chini. Mmea wenye ua lakini usio na chipukizi hata moja ni shada la maua lililotiwa kwenye udongo, na ulipwe bei ya shada la maua. Ukiona kovu jipya la kukatwa, ujue muuzaji ameshachukua watoto ili awauze peke yao. Ukikuta changarawe zimegandishwa kwa gundi juu ya udongo, usihangaike kuzing'oa. Tafuta chungu kingine, maana aliyeziba kitako hakukusudia ukione. Mwisho, shika jani la katikati na ulivute taratibu sana: likichomoka na ncha yake ni ya kahawia yenye harufu, mmea umeoza ndani hata kama nje unapendeza.

Jambo moja zaidi kuhusu ua. Vitalu vikubwa havingoji mmea uchanue kwa hiari yake, bali huulazimisha kwa gesi ya ethilini au kwa dawa inayotoa gesi hiyo, kama yanavyofanya mashamba makubwa ya mananasi ili matunda yakomae pamoja. Ni gesi ile ile inayotoka kwenye ndizi mbivu, ndiyo maana wapo watu wanaofunga bromelia yao iliyokomaa ndani ya mfuko pamoja na ndizi kwa siku chache, kisha wanasubiri wiki kadhaa. Sioni udanganyifu wowote katika njia hiyo. Tatizo ni mmea uliolazimishwa ukiwa bado mdogo, wenye majani machache na ua lililotoka kabla ya wakati, kwa kuwa akiba ya kulea machipukizi iko katika majani hayo hayo machache. Kati ya mimea miwili yenye maua yanayolingana, chukua ule wenye majani mengi na mapana, hata kama ua lake limepauka kidogo.

Nafasi ya kwanza naipa Neoregelia, hasa Neoregelia carolinae ya 'Tricolor' yenye mistari ya rangi ya maziwa. Maua yake ni madogo, yamejificha ndani ya kikombe cha katikati, na hakuna anayeinunua kwa ajili yake. Kinachonunuliwa ni majani, ambayo ya katikati huwa mekundu wakati wa kuchanua. Hivyo muuzaji hana ua la kukushawishi nalo. Machipukizi yake pia hutoka kwenye vikonyo vinavyojitokeza pembeni, na unaweza kuyahesabu ukiwa umesimama. Inataka mwanga mwingi kuliko wenzake, la sivyo rangi hugeuka kijani.

Lakini kwa anayeishi Dar es Salaam kuna neno lazima liongezwe. Kikombe cha Neoregelia hukaa na maji, na maji yaliyotuama ndiyo mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, anayotafuta ili atage mayai. Tuliopitia mlipuko wa dengue wa 2014 na ule wa 2019 hatuhitaji kusimuliwa. Mwaka 2016, wakati wa homa ya Zika, mji wa Miami Beach ulifikia hatua ya kung'oa bromelia zake. Sebuleni hatufiki huko: inamisha mmea kila wiki, mwaga maji yote ya kikombe, utie mengine safi. Asiyeweza kuikumbuka kazi hiyo asinunue bromelia yoyote yenye kikombe, na aruke moja kwa moja hadi kwenye tilandsia.

Ya pili ni Aechmea fasciata, mzaliwa wa Brazili mwenye majani ya kijivu yaliyopigwa mistari ya fedha. Kichwa chake cha waridi kinaweza kudumu hadi miezi sita, na baada ya hapo majani yenyewe hubaki pambo kwa muda mrefu wakati watoto wanakua. Machipukizi yake ni manene na hutenganishwa kwa urahisi yakifika theluthi moja au nusu ya kimo cha mama. Kasoro yake ni miiba midogo ya kingo za majani, nayo si mzaha kwa nyumba yenye watoto. Ipo aina iitwayo 'Primera' isiyo na miiba, na ukiikuta usiiache.

Guzmania naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayojaza maduka. Majani yake ni laini, haina miiba, huvumilia pembe zenye mwanga hafifu, na ua lake la nyota nyekundu, njano au la rangi ya chungwa hukaa miezi. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu Guzmania huuzwa karibu siku zote ikiwa imechanua, na machipukizi yake huchelewa, tena hutoka katikati ya majani ambako ni vigumu kuyaona. Hapa sifichi upendeleo wangu: nikinunua Guzmania, nataka iwe na kibandiko cha Corn. Bak, kampuni ya Assendelft huko Uholanzi ambayo kazi yake ni kuzalisha aina mpya za bromelia. Sina mkataba nao wala hawanijui. Ninachokipenda ni kwamba mmea huja na jina lake kamili, hivyo naweza kujua kabla ya kulipa unafikia kimo gani na una tabia gani, na mimea ya namna hiyo niliyopata kuilea ilikuwa na majani mengi kabla ya ua. Guzmania isiyo na jina, ya kuitwa tu "ile nyekundu", sitaitolea bei ileile, na sioni kwa nini wewe uitolee.

Vriesea splendens, yenye ua bapa linalosimama kama upanga na majani yenye mistari ya giza, ni nzuri kuliko zote tatu kwa macho, nami naiweka mwisho. Mara nyingi hutoa chipukizi moja tu, na hilo huota ndani ya majani karibu na ua, kiasi kwamba huwezi kulitenganisha bila kumjeruhi mama au mtoto. Mwenye subira anaweza kumwacha mama anyauke, kisha kuyakata majani makavu taratibu huku mtoto akishika nafasi. Asiye na subira atakuwa amenunua kitu cha msimu mmoja.

Kwa upande wa tilandsia, mimea ya hewani isiyohitaji udongo na inayonywa maji kwa vigamba vidogo vilivyofunika majani yake, kitako bado ndicho hakimu, ila hapa adui ni gundi. Tilandsia nyingi huuzwa zikiwa zimegandishwa kwa gundi ya moto juu ya kombe la pwani, kipande cha mti au sumaku ya friji, na gundi hiyo huwekwa hasa pale machipukizi yanapotakiwa kutokea, kisha huzuia unyevu usikauke. Kataa kabisa iliyogandishwa, na ukatae pia iliyofungwa kwa waya wa shaba, kwa kuwa shaba ni sumu kwa mimea hii.

Ionantha ndiyo nambari moja bila mjadala. Ni ndogo, huwa nyekundu inapokaribia kuchanua, na baada ya hapo hutoa watoto wanaoshikamana hadi kuwa kishada kimoja. Nunua kishada tayari ukikipata, hata kikigharimu zaidi ya mche mmoja, kwa sababu ndani yake vizazi vinapokezana. Bulbosa na caput-medusae zinafuata, kwa sharti kwamba baada ya kuziosha uzigeuze kichwa chini, maana kitako chao ni kama kitunguu kinachoficha maji. Zote zinapaswa kuoga asubuhi na kukauka ndani ya saa nne hivi, kwa kuwa hufungua vitundu vya hewa vya majani yake usiku na jani lililolowa wakati huo hushindwa kuvuta hewa; wakati wa masika hapa pwani hilo halitawezekana bila feni. Maji ya kisima chetu yenye chumvi huziba vigamba, kwa hiyo kinga maji ya mvua.

Xerographica, ile kubwa ya fedha yenye majani yaliyojikunja, naipenda lakini siipi nafasi ya juu, kwa kuwa hukua polepole mno na watoto wake ni wachache. Isitoshe, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo kuivusha mpaka kunahitaji kibali, na mimea yoyote inayoingizwa nchini inapaswa kuwa na cheti cha afya kinachokaguliwa na mamlaka ya afya ya mimea, yaani TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Anayekuuzia xerographica iliyotoka nje amtoe mashaka mnunuzi kwa karatasi. Tectorum, yenye manyoya meupe, ni ya miinuko mikavu ya Ecuador na Peru. Wa Nairobi wanaweza kuijaribu, wa Tanga na Mombasa waiache ilipo.

Za bei nafuu hazinichukulii muda. Billbergia nutans hupatikana kwa bei ndogo au kwa kuombwa kwa jirani, huzaana sana, na ua lake hudumu wiki chache tu. Tilandsia zilizopulizwa rangi ya bluu au ya zambarau zimezibwa vigamba. Usinunue.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni bei na maneno yanayoambatana nayo. Niliwahi kusimama mbele ya muuzaji aliyeniambia, "Mama, hili ua halifi, ni la mwaka mzima," huku mkononi ameshika kisu alichokatia machipukizi mawili ya mmea uleule na kuyapanda kwenye vikopo vya kuuza pembeni. Nilipomuuliza kwa nini asiniuzie mama na watoto wake kwa bei ile ya juu aliyoitaja, alinijibu kwamba wateja hawataki vurugu kwenye chungu. Wateja hawataki kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Inapokaribia Februari 14 bei ya Guzmania nyekundu hupanda, na mimea inayotolewa siku hizo ndiyo iliyolazimishwa ikiwa midogo kuliko yote.

Wauzaji wa mtandaoni wamezidi. Picha ni ya mmea uliochanua katika kitalu cha ng'ambo, pesa inatakiwa itumwe kwa simu kwanza, na kinachofika kwa bodaboda ni kitu kingine, kimefungwa gazeti na majani yamekunjika. Kabla hujatuma hata shilingi, omba picha mbili zilizopigwa siku hiyo: moja ya mmea mzima ukiwa na kipande cha karatasi chenye jina lako, na nyingine ya kitako, majani ya chini yakiwa yamepanuliwa kwa vidole na udongo unaonekana. Muuzaji wa kweli atazipiga kwa dakika chache. Anayekuambia mmea hauguswi, au kwamba bei itapanda kesho, mwache auze kwa mwingine.