Mwanga na moshi kwenye paa moja: kipi ununue kwanza

Wengi wanaojenga karakana, ghala au mgahawa wa kuni huenda dukani kununua mwanga peke yake. Zinanunuliwa bati mbili tatu za plastiki, fundi anazipachika, kazi imekwisha. Moshi na joto hukumbukwa paa likishafungwa. Mimi ningeanza na moshi. Huku kwetu, Dar es Salaam au Kisumu, jua ni jingi kiasi kwamba tundu dogo tu hung'arisha chumba kizima. Shida ni hewa moto kupata pa kutokea. Kwa hiyo nimepanga orodha hii kwa swali moja: kifaa kinaleta mwanga na kutoa moshi kwa pamoja, hata umeme ukikatika?

Nafasi ya kwanza ni kipaa kilichoinuliwa juu ya mgongo wa paa. Hiki hakiuzwi kikiwa tayari. Unanunua mbao au chuma, bati za ziada na ufundi. Badala ya kuziba mgongo wa paa kwa kofia, fundi huacha uwazi, kisha husimamisha juu yake kipaa kidogo ambacho pande zake zina wavu au luva za bati (vipande vilivyolazwa mshazari vyenye nafasi kati yake). Mwanga huingia kwa ubavuni, kwa hiyo haupigi moja kwa moja vichwani mwa watu. Moshi nao, kwa kuwa ni moto, hupanda wenyewe na kutoka.

Kuna mambo ya kubishana na fundi kabla hajakata bati. Ukiweza, mgongo wa jengo uelekee mashariki na magharibi, ili uwazi uangalie kaskazini na kusini. Karibu na ikweta jua la mchana liko juu mno, na ukingo mfupi tu wa kipaa hulizuia. Linalosumbua ni la asubuhi na la jioni, ambalo hupenya kwa chini. Ukingo huo huo ndio utakaozuia mvua ya upepo, kwa hiyo usikubali ukatwe kwa kubana bati, hasa pwani. Na kama ni jiko, usiweke wavu wa mbu kule juu. Masizi huuziba. Weka wavu wa matundu mapana, ule wa kuku.

Halafu ukutani, chini, weka matofali ya matundu. Hili mafundi hulipuuza, na bila hilo kila kitu kilichomo humu ni mapambo. Moshi hautoki juu kama hewa mpya haiingii chini.

Ya pili: bati za polikaboneti, zikiinuliwa kidogo ili ziache mwanya wa hewa. Ni ghali kuliko plastiki nyingine, lakini hudumu zikifungwa vizuri. Upande mmoja ndio huwa na kinga ya jua, na kwa kawaida karatasi ya nailoni iliyobandikwa huonyesha upande huo. Ukigeuzwa chini, bati litageuka njano na kupasuka mapema. Zile zenye vifereji ndani ziwekwe vifereji vikifuata mteremko, la sivyo maji hutuama humo na kuota ukungu. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu: bati la mita 6 likipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka kwa sentimita 1 hivi, na lisipopata nafasi litavimba. Kwa joto letu chukua rangi ya maziwa, achana na ile inayong'aa kama kioo. Na usinunue nyingi. Paa lenye bati la mwanga kila baada ya bati moja ni tanuri.

Ya tatu ni zile feni za mviringo zinazozunguka juu ya maghala bila umeme. Zinatoa joto vizuri, ila hazileti mwanga wowote wa maana. Izungushe kwa mkono kabla ya kulipa na usikilize beringi. Ikikwaruza dukani, juu ya paa itapiga kelele usiku kucha. Mombasa au Tanga nunua ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu.

Bomba la mwanga, lile la kioo juu na bomba linalong'aa ndani, naliweka nafasi ya nne. Linafaa choo au korido isiyo na dirisha. Moshi halitoi.

Mwisho kabisa ni bati za faibaglasi na za PVC. Bei yake inavutia, lakini jua huzifanya za PVC ziwe kavu na kuvunjika, na za faibaglasi hubakia na nyuzi juu huku mwanga ukififia.

Vifuniko vya moshi vinavyojifungua vyenyewe moto ukitokea sijavipanga humu, kwa sababu hivyo huchagui kwa bei. Ni vya hoteli, maduka makubwa na ngazi za maghorofa, na ramani lazima ipite kwa watu wa zimamoto. Muuzaji akikuletea, muulize kama vimepimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 12101-2, ambacho hutaka kifuniko kifunguke kikamilifu ndani ya sekunde 60. Muulize pia eneo halisi la kutolea moshi, maana huwa dogo kuliko ukubwa wa tundu lenyewe. Na asikuambie kwamba plastiki itayeyuka na kufungua njia: itayeyuka wakati inaoutaka yenyewe, na matone yake yataangukia watu.

Chochote utakachochagua chenye plastiki, tandika wavu wa chuma imara chini yake wakati wa kufunga. Bati likishapigwa vumbi halitofautiani na mengine, na fundi atakayepanda miaka kadhaa baadaye kuziba uvujaji atalikanyaga.