Kipimajoto cha infraredi kwenye injini ya boti: uzoefu wangu

Ni kile cha umbo la bastola: unakielekeza, unabonyeza, namba inatokea. Nilikinunua kwa sababu geji ya injini hukuambia kuna joto, haikuambii liko wapi.

Dizeli yangu ina mizunguko miwili. Kulanti, yaani kimiminika cha kupoza, huzunguka ndani ya injini. Maji ya bahari huvutwa na pampu, hupita kwenye kibadilisha joto, ambako huchukua joto la kulanti, kisha humwagwa kwenye kiwiko cha ekzosi (bomba la moshi lililopinda) na kutoka nyuma pamoja na moshi. Kuziba kukitokea popote upande wa bahari, dalili hufanana: mshale wa geji unapanda, maji ya nyuma yanapungua, mvuke mweupe unaonekana.

Mimi mshale ulipanda pale tu nilipoongeza mwendo. Kila fundi husema badilisha impela, lile gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu ya maji ya bahari, na hakosei sana, mpira huchoka. Ila yangu ilikuwa nzima, mabawa yote yapo. (Likikosekana bawa, litafute kabla hujafunga pampu, aghalabu limekwama kwenye mdomo wa kibadilisha joto.) Nikapima injini ikiwa na mzigo. Hosi ya kuingiza maji ya bahari ilikuwa baridi, kibadilisha joto kilikuwa na joto kuliko kawaida, na hosi ya ekzosi baada ya kiwiko, ambayo maji yakimwagwa vizuri unaweza kuishika kwa mkono, ilikuwa haishikiki. Nikafungua kiwiko: kaboni na chumvi vimeganda humo, tundu limebaki la kupenya kidole. Ndiyo maana hata moshi ulikuwa umeanza kuwa mweusi, injini haipumui.

Kasoro kinazo. Chuma kinachong'aa hukidanganya, kinasoma chini ya joto halisi. Bandika kipande cha tepu nyeusi, upime hapo. Ile nukta nyekundu ya kulengea nayo si eneo lote linalopimwa: kifaa cha uwiano wa 12:1 (umbali kwa upana wa duara linalopimwa), ukisimama sentimita 60, kinasoma duara la sentimita 5. Sogea karibu, lakini angalia mikanda inayozunguka. Na gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini) ikivuja hakitakwambia. Hapo tazama mapovu kwenye tangi la kulanti.

Ningekinunua tena. Namba za joto za injini ikiwa nzima nimeziandika ndani ya mfuniko wa injini, maana bila hizo hujui kipi kimezidi. Betri za kipimajoto nazitoa nikimaliza, hewa ya chumvi hula vichuma vyake haraka.