Taa za kukuzia mboga ndani: ipi inastahili uniti zako za LUKU

Ukipita Kariakoo au ukifungua maduka ya mtandaoni utakutana na taa ya zambarau yenye boksi lililoandikwa 1000W, bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Iache hapo. Kabla ya kuingia kwenye orodha, kuna hesabu moja fupi, na ukishaielewa hakuna muuza taa atakayekubabaisha.

Wati ni umeme unaoliwa, siyo mwanga unaotoka. Mwanga wa mmea hupimwa kwa mikromoli (hesabu ya chembe za mwanga; milioni moja ni moli moja), na ufanisi wa taa ni mikromoli ngapi inatoa kwa kila juli ya umeme. Kwenye karatasi ya vipimo huandikwa µmol/J. Globu ya zamani ya waya iko karibu na 0.3. Tyubu ya fluoresenti haifiki 1. LED nyeupe ya kawaida, ile yenye lumeni (kipimo cha mwanga kwa jicho la mtu) 100 kwa kila wati, inacheza kwenye 1.4 hivi. Bodi nzuri ya LED ya mimea inafika 2.5 na kupita. Zidisha namba hiyo kwa 3.6 utapata moli za mwanga kwa uniti moja ya LUKU, yaani kilowati-saa moja: globu ya waya moli 1, LED ya kawaida 5, bodi nzuri 9.

Sasa mavuno. Saladi iliyotunzwa vizuri hutoa kama gramu 10 za majani mabichi kwa kila moli inayofika kwenye majani. Nyumbani, penye siku za kusubiri mbegu ichipue na nafasi tupu kati ya mimea, mimi nahesabu 6. Robo ya mwanga nayo huishia ukutani na sakafuni. Kwa hiyo uniti moja kwenye LED ya kawaida inakupa gramu 20 na kitu za majani. Kwa bei ya takribani shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo ndani, kilo moja ya saladi inakula umeme wa zaidi ya shilingi 15,000. Kwa mchicha ni kichekesho kabisa, maana sokoni fungu ni shilingi mia kadhaa, na wenyewe ni mmea wa jua kali: chini ya taa hafifu unarefuka na kulegea.

Ndiyo maana taa ndani ya nyumba inalipa kwa vitu viwili: miche, na majani ya kukolezea kama dhania, mnanaa na rihani, ambayo unachuma kidogo kidogo. Nyanya na hoho zinataka moli 20 hadi 30 kwa mita ya mraba kwa siku. Jua la wazi la Dar linatoa hizo bure, kwa hiyo otesha miche ndani kisha itoe kwenye baraza au juu ya paa.

Namba moja: tyubu za LED za futi nne, 18W. Naziweka juu ya bodi za mimea japo ufanisi wake ni mdogo, kwa sababu zinapatikana duka lolote la umeme, zikifa unabadilisha moja, na lumeni zake zimeandikwa. Chagua yenye lumeni 1,800 au zaidi; rangi ya mwanga ya 4000K na ya 6500K zote zinafaa kwa majani. Funga tatu juu ya rafu ya upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 1.2, ziwe sentimita 20 hivi juu ya majani, ziwake saa 14. Hapo unapata moli 8 kwa mita ya mraba kwa siku: miche itafurahi, saladi itakua taratibu. Matumizi ni uniti 23 kwa mwezi, kama shilingi 8,000, na mavuno karibu nusu kilo. Ukitumia fitingi ya zamani ya fluoresenti, mwambie fundi aangalie maelekezo ya tyubu kwanza. Nyingi zinataka choki na stata vitolewe.

Tahadhari kwa wenye umeme wa nafuu, wale wanaopata uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 9,150. Uniti 23 za taa ni karibu theluthi ya mgao wako, na inayozidi 75 bei yake hupanda zaidi ya mara tatu.

Namba mbili: bodi ya LED ya mimea. Hapa tafuta vitu viwili kwenye maelezo, aina ya daiodi, vile vitone vinavyotoa mwanga (Samsung LM301B au LM301H, kwa mfano) na namba ya µmol/J. Muuzaji asiyekuwa na namba hiyo anauza picha. Mwanga ule ule wa tyubu tatu unaupata kwa wati 31 hivi, yaani unaokoa uniti 10 kwa mwezi. Kama umeongeza shilingi laki moja kuinunua, itarudi baada ya miaka miwili na nusu. Anayewasha mwaka mzima ainunue. Anayeotesha miche mara mbili kwa mwaka asihangaike.

Namba tatu: balbu ya LED ya kawaida, 12W au 15W, kwenye holda yenye kofia ya kurudisha mwanga. Kwa chungu kimoja cha rihani jikoni inatosha.

Namba nne: zile za kubana mezani zenye shingo za kupinda. Zinazochomekwa kwenye USB ya volti 5 na ampea 2 haziwezi kuzidi wati 10, hata boksi liseme 80. Pambo.

Mkiani: zambarau ya "1000W". Ipime mwenyewe. Zima kila kitu ndani, washa taa hiyo tu, kisha tazama kitaa chekundu cha mita. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani pepesi 1000 kwa uniti, taa ya wati 1,000 ya kweli ingefanya kipepese kila baada ya sekunde 3.6. Ukihesabu sekunde 36 kati ya pepesi moja na nyingine, una wati 100.

Taa za sodiamu hata usiulize bei. Joto lake kwenye chumba cha Dar litakudai na feni juu.

Ukishafunga, pakua programu ya kupima laksi (lumeni zinazofika kwa kila mita ya mraba) kwenye simu, uilaze penye majani. LED nyeupe ikisoma laksi 10,000 una mikromoli 150 hivi kwa mita ya mraba kwa sekunde, panatosha. Ikisoma chini ya 5,000, shusha taa kabla ya kuongeza saa, kwa sababu kushusha hakuli uniti. Na dhania isizidi saa 12 za mwanga. Ukiiwashia 16 inakimbilia kutoa maua.