Dawa za siti za ngozi za gari: mi naanza na Lexol, zingine zipange foleni

Jamani meseji zenu zimekuwa nyingi na karibu zote zinafanana, kuna dada wa Njiro ana Harrier, kuna kaka wa Moshi ana Mark X, mwingine anaendesha gari la watalii anasema bosi wake kashamfokea, na wote kilio ni kimoja: siti napaka mafuta kila wiki na bado ya dereva inapasuka. Nikawauliza mnapaka nini, jibu likawa lilelile, "ile ya kung'arisha wanayopuliza kwenye kuosha magari". Eeh, ugonjwa wenyewe ndo huo.

Kwa hiyo leo sitaongelea harufu wala chupa ina ujazo gani, hayo yapo kwenye lebo mtasoma wenyewe. Mi kila dawa naiuliza swali moja tu: ukishapaka ikakauka, inanata au hainati? Watu hawaulizi hili kabisa, wanaangalia siti iking'aa kama kiatu cha harusi basi wanalipa.

Ngozi ya siti za gari, karibu zote za siku hizi, imepakwa rangi halafu juu yake kuna tabaka jembamba la poliyurethani, yaani aina ya plastiki. Ule ufa wa kwanza kwanza unaouona uko kwenye hilo tabaka, ngozi yenyewe chini bado nzima. Linaumia kwa jua, kwa jasho, kwa mafuta ya mwili, na zaidi ya yote kwa vumbi linalosagwa kila ukiingia na kutoka. Nenda sasa hivi kaangalie siti ya dereva, lile tuta la pembeni upande wa mlango unapopitishia paja, halafu linganisha na siti ya nyuma ambayo haikaliwi na mtu. Gari moja, umri mmoja, jua moja, lakini pale mbele pamechakaa. Sasa ukipaka kitu kinachobaki na mafuta mafuta juu, vumbi letu hili la udongo wa volkano wa Meru linaganda hapohapo, unakuja wewe na jinzi yako unalisugua asubuhi na jioni. Halafu unaongeza tena mafuta. Halafu unashangaa.

Jinsi ya kupima: paka sehemu ndogo, subiri saa zima, pitisha kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka na utando, au kidole kikipita kwa kuteleza, hiyo rudisha.

Namba moja kwangu ni Lexol ya Marekani na sioni haya kusema naipendelea. Zinakuja chupa mbili, ya rangi ya chungwa ya kusafishia na ya kahawia ya kulainishia, na tafadhali ukiwa na hela ya moja tu nunua ya kusafishia kwanza, maana siti nyingi hapa hazina njaa ya mafuta, ni chafu tu. Ya kusafishia haina ukali wa sabuni. Ngozi asili yake ina asidi kidogo, wakati sabuni ya mche ni alkali, ukiitumia kila wiki unaikausha mwenyewe kwa mikono yako. Ya kahawia unaweka kidogo kwenye kitambaa, unapaka, unafuta inayobaki, na siti inarudi kuwa haing'ai. Haing'ai! Ngozi ya gari ikitoka kiwandani haing'ai, sijui nani alitufundisha kwamba usafi ni kumeremeta.

Ya pili Autoglym ya Uingereza, nayo ni mbili, ya kusafishia na ile balm ya kulainishia. Nzuri sana, ukiikuta chukua, ila balm ukiipaka nyingi inaacha utando mpaka uifute mara ya pili na watu wetu wanapenda kumimina.

Ya tatu Meguiar's Gold Class, ile inayosafisha na kulainisha kwa mpigo mmoja. Kwa siti ambayo tayari ni safi haina shida, inakauka vizuri. Kwa siti ya mtu wa Ngaramtoni anayepita barabara ya vumbi kila siku, unasambaza uchafu unaufunika na losheni, kwahiyo futa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu.

Leather Honey naiweka mwisho na najua mtanirukia. Ni nzito, kwenye mkoba au buti inafanya kazi, lakini kwenye siti yenye lile tabaka inakaa juu inakungoja uikalie. Dondoshea siti tone la maji uone: likibaki limesimama, ngozi imepakwa tabaka, dawa nzito ya nini? Likizama na kuacha doa jeusi, hapo ndo ngozi iko wazi na inakunywa.

Za bei chee: vitambaa vya mtoto vya kufutia, sawa kwa dharura. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda kwenye nyuzi joto 24 kushuka, na asubuhi ya Julai Arusha hufiki huko, utayakuta meupe kwenye mishono. Vaselini hata msiniulize.

Halafu kitu kingine wauzaji hawakwambii, gari nyingi za Japani zina ngozi pale unapokalia na kuegemea tu, ubavuni na nyuma ya siti ni plastiki iliyofanana nayo. Huko losheni haina inachofanya, futa na uache. Na siti zenye vitundu usipulizie moja kwa moja, weka povu kwenye brashi laini. Ufa ukishatokea pia hakuna chupa inayouziba, hapo unamtafuta fundi wa rangi ya ngozi, na akikuta siti imelowa silikoni ya miaka mingi, ile iliyomo kwenye dawa za kung'arisha, rangi yake haitashika.

Sasa bei. Kuna duka Moshi nimeambiwa elfu 60 kwa chupa moja, nikasema asante naondoka, nafika mlangoni imekuwa elfu 38, je ningekuwa nimeshuka kwenye V8 ningeambiwa ngapi? Kwingine Arusha chupa zimepangwa dirishani jua linazipiga mchana kutwa, lebo imepauka mpaka huisomi, na kaka anasema "ni orijino dada". Wengine wanakupimia kutoka kwenye dumu, eti ni ileile. Dumu hilohilo nimeona wakipaka nalo tairi. Shika chupa, angalia kizibo kama kina utepe haujakatwa, itikise usikie kama imejitenga maji na mafuta, na ukiombwa ulipe kabla ya kuishika usilipe. Chenji itakayobaki nunua ile kinga jua ya kukunja ya kioo cha mbele, hasa nyie wa Moshi mnaopaki juani kutwa.