"Soar": kupaa au kupanda?

Mtazame tai mchana wa jua kali. Amenyoosha mabawa, hayapigi, na hewa ya moto inayotoka ardhini inambeba akizunguka, juu zaidi na zaidi. Hiyo ndiyo "soar" ya Waingereza, na kwangu Kiswahili chake ni kupaa. Kupanda kuna kushika na kukanyaga: ngazi, mnazi, mlima. Tai hakanyagi kitu.

Kwenye bei maneno yote mawili yana kazi. Kilo ya sukari ikiongezeka shilingi mia, imepanda. Ikifika maradufu ndani ya wiki moja, imepaa, na mwandishi wa habari akituandikia "imepanda" tu, anatupunja. Sauti ya mwimbaji wa taarabu nayo hupaa.